Pesa za skuli Zanzibar: zigaiwe kwa vichwa au kwa hali ya mtoto?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Matokeo ya mitihani ya taifa kila yakitoka, maneno ni yale yale: mjini wamefaulu, Micheweni wamefeli, wazazi wa kaskazini Pemba hawajali elimu. Safari hii imeongezwa hoja nyengine, kwamba Serikali imeshajenga skuli za ghorofa Unguja na Pemba, basi asiyefaulu asitafute kisingizio, na bajeti igaiwe kwa idadi ya wanafunzi tu, kila kichwa sawa na chenzake. Mimi naipinga hoja hiyo.

Ina upande wake wa haki, na nitausema kwanza. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 1,303,569. Ya 2022 ikatukuta 1,889,773, na kati ya hao 893,169 wako Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake. Mikoa miwili ya Pemba kwa pamoja ina 543,441. Skuli za pembezoni mwa mji, Fuoni na kwengineko, zimeelemewa: wa mkondo wa asubuhi hajatoka, wa mchana keshafika mlangoni. Huko ghorofa ni dawa khasa, na anayewaonea choyo watoto wale hawatendei haki.

Lakini tumeichukua dawa ya Fuoni tukaipeleka Micheweni, kisha tunashangaa mgonjwa hapati nafuu. Tafiti za mapato na matumizi ya kaya zimekuwa zikiiweka Micheweni miongoni mwa wilaya masikini kabisa Zanzibar. Umasikini huo unaingia darasani kwa njia zake. Angalieni mwani. Unashughulikiwa maji yakitoka sana, yaani wakati wa bamvua, na bamvua kwetu hutoa maji asubuhi, saa ambazo mtoto anatakiwa awe kwenye dawati. Mama akenda pwani, nani atabaki na mdogo anayenyonya? Ni yule binti wa darasa la tano au la sita. Mwalimu akifungua daftari la mahudhurio anaona mapengo yanavyofuatana na mwezi, siku kadhaa, kisha mtoto anarudi, kisha anapotea tena. Wavulana nao wapo wanaofuatana na wavuvi dago, yaani kwenye kambi za uvuvi mbali na nyumbani, na msimu wa karafuu una hesabu yake. Ukuta mpya, hata uwe mzuri vipi, hauzibi mapengo hayo. Mlo wa mchana skuli ungeziba baadhi yake, na mkondo uliopangwa kwa kuangalia maji ungeziba mengine.

Lipo pia suala la lugha, ambalo kwenye mijadala hii hatulisemi vya kutosha. Sera ya Elimu ya 2006 ilipeleka hisabati na sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto wa mjini mwenye uwezo ana tuisheni jioni, ana kaka aliyemaliza sekondari, ana simu ndani ya nyumba. Mtoto wa Kiuyu, kijiji cha Micheweni, anategemea mwalimu mmoja, na mwalimu huyo akishapangiwa kule mara nyingi anaanza kuandika barua ya uhamisho, kwa sababu hana pa kukaa na nauli inammaliza. Simlaumu. Angejengewa nyumba na akapewa posho ya mazingira magumu, angekaa.

Halafu tunapolinganisha skuli na skuli tuwe wakweli. Skuli za vipawa na za michipuo huchukua waliofaulu vizuri zaidi. Ukishaichuja skuli ya kijiji ukawaondoa wanafunzi wake bora, huna haki ya kuinyooshea kidole kwa alama za waliobaki.

Na hili la wazazi kutojali linaniuma, kwa kuwa ushahidi wa kulikanusha umesimama vijijini mwao. Madarasa mangapi yameanzwa kwa nguvu za wananchi? Watu wamechimba msingi kwa mikono, wamebeba mawe, wamechangishana saruji mfuko mmoja mmoja hadi ukuta ukafika linta, ndipo wakaisubiri Serikali iezeke. Asiyejali elimu habebi mawe.

Elimu bila malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964, chini ya Mzee Karume, ili mfuko wa mzazi usiamue mtoto gani asome. Kwa mgao wa vichwa vitupu mfuko wa mzazi unarudi kuamua, maana panapokosekana chakula, mwalimu na tuisheni, mzazi ndiye anayejaza.

Napendekeza kila mtoto awe na kiwango chake cha msingi, Fuoni na Micheweni sawa, kisha juu yake iongezwe pesa kwa skuli za shehia masikini, kwa watoto wenye ulemavu na kwa skuli zilizo mbali. Na nyongeza hiyo isipelekwe kwenye majengo kwanza. Wanaohofia kwamba itaishia njiani wana haki ya kuhofia. Kamati ya skuli ibandike ubaoni kiasi kilichoingia na kilivyotumika, mbele ya sheha na wazazi, kila muhula.

Sasa wanaotetea mgao wa vichwa naomba wanijibu: mwalimu wa hisabati mtampata vipi, na mtambakisha vipi, Maziwa Ng'ombe kule Micheweni, kwa pesa ile ile inayomtosha kukaa mjini?