AMEINUA KARATASI YANGU DARASA ZIMA LIONE!!!

Mtoto_wa_Kayole: Wueh! Nimetoka darasani sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule bwana wa hesabu, yule wa maka nyekundu, mnamjua, msijifanye, leo amenimaliza. Swali: taja sifa kuu za y = log₂(x − 3) + 1, kisha uichore. Nikaandika zote! Asimptoti ya wima, ule mstari grafu inausogelea bila kuugusa, x = 3. x lazima izidi 3. y ni nambari yoyote ile. Inakata mhimili wa x penye 3.5. Inapanda tu, maana besi, ile 2 ndogo ya chini, inazidi 1. Alitaka nini tena, kitambulisho cha hiyo logi?

Basi mtu mzima na mvi zake akainua karatasi yangu: “Tazameni, huyu ametafuta logi ya sifuri na akaipata.” Kicheko chake nadhani kimesikika Thika. Ati grafu yangu imegusa asimptoti. Haijagusa! Ni wino wa kalamu ulivuja! Lakini KUIINUA? Juu kabisa? Hata waliochelewa wakaiona kupitia dirishani!

Kunguru_Umoja: Kwa hivyo imegusa.

Mtoto_wa_Kayole: WINO!!

Shosh_wa_Pipeline: Kalamu yenye akili hiyo, ikavujia penye x = 3 peke yake. Pole mjukuu wangu.

Hesabu_Tamu: Logi ni kipeo tu. Ebu nitajie kipeo cha 2 kinachokupa sifuri. Shuka hadi −10, bado una 1/1024. Shuka utakavyo, kitu kinabaki. Ndiyo maana laini inatelemka kando ya 3 milele na haifiki.

Mtoto_wa_Kayole: Nani amekuuliza? Naongea kuhusu KUINULIWA KARATASI.

Kunguru_Umoja: Aliinua juu wapi, penye x = 3?

Mzee_Kijana: Nyinyi mna kikokotoo na bado mnalia. Sisi tulikuwa na kitabu cha majedwali. Changu ukurasa wa logi ulichanwa, mtu akafungia njugu. Log ya 2, kwa besi ya 10, ni 0.3010, hiyo peke yake ndiyo nilikuwa naijua, na mtihani haukuiuliza. Deski mwenzangu alikuwa anakodisha ukurasa wake kwa mandazi!

Shosh_wa_Pipeline: Lawama zote ziende kwa Napier wa Uskoti. Huu usumbufu aliuchapisha 1614.

Njaa_Kali: Mandazi mmetaja nyinyi. Kuna mtu ameona za kantini wiki hii? Unauma hewa!

Rongai_Damu: Afadhali wewe una hewa. Manyunyu kidogo tu na nauli ya Rongai imeruka. Logi ikienda mbele hupanda polepole, hawa makanga wamesomea wapi?

Mtoto_wa_Kayole: Jamani, karatasi…

Njaa_Kali: @Rongai_Damu wanaitisha ngapi saa hii?

Rongai_Damu: Inategemea sura yako. Mimi naitishwa ya mgeni na nimezaliwa huko.