Tupeane uzoefu: Uliwahi kuomba kura kwa mtu aliyekwisha kuchoka na siasa? Ilikuwaje?

Mpwa wa Ikungi
Wakuu, habari za jioni.

Jana mama watoto alikuwa anatafuta kitambaa cha kufunikia unga, akavuta chini ya sanduku kanga ya kampeni ya 2010. Imechakaa, lakini sura ya mgombea bado ipo, na meno yote. Nikacheka, halafu nikanyamaza. Mwaka ule nilikuwa katibu mwenezi wa kata, nimezunguka na marobota ya kanga hizo kitongoji kwa kitongoji. Nchi nzima tulijiandikisha zaidi ya milioni 20, waliopiga kura hawakufika milioni 9. Sisi tulikuwa tunatukanana na chama cha pili, kumbe mpinzani wetu mkubwa ni aliyebaki nyumbani anasuka mkeka.

Kuna bibi nilimwamkia, nikamkabidhi kanga, nikakohoa nianze sera. Akaigeuza, akakagua upindo. "Mjukuu wangu, hii inachuja?" Nikamwambia haichuji, bibi. Akasema, "Ya 2005 ilichuja." Basi. Hakuongeza neno, na sera zangu zote zikaishia kooni.

Mliowahi kuomba kura, au kuombwa mkakataa: ni nini kilimgeuza mtu? Viongozi wa vyama wanapita humu kimyakimya, wasome. Matusi hapana.

Kiti cha Mbele
Ngoja waje. Nimekaa pale na karanga zangu.

Sina Kadi
Kofia mbili, fulana moja, kilo ya sukari. Siku ya kura nilikuwa nimelala.

Binti Igunga
Mpwa umenikumbusha aibu yangu. 2015 nilijitolea kupita nyumba kwa nyumba. Nimevaa vizuri, daftari mkononi, kalamu sikioni. Mtaa mzima milango inafungwa! Nasikia kabisa mama anamwambia mtoto, "Mwambie sipo." Mtoto anatoka, "Mama kasema hayupo."

Nimezunguka hadi saa nane mchana, ndipo mwuza genge akanionea huruma. Kumbe wiki ile mabinti wa mikopo ya kausha damu walikuwa wanapita kudai marejesho, nao wanavaa hivyohivyo. Kesho yake nikarudi na kanga kiunoni, bila daftari. Nikakuta mama yule yule anachambua dagaa, nikakaa tukachambua. Siasa nilianza kuitaja beseni likiwa nusu. Sijui kama alinipa kura, ila alitoka kwenda kupiga, nilimwona kwenye foleni.

Ushauri wangu: usiende na daftari.

Katibu Kata Mstaafu
Bila daftari utakumbuka vipi nani kasema nini? Hayo ndiyo makosa yetu. Unaongea na watu mia mbili, unarudi ofisini huna hata jina moja, wiki ya mwisho unaanza upya. Daftari lazima.

Binti Igunga
Mkuu, andika ukifika kona.

Mzee wa 95
Vijana, nyie mnaongelea juzi. Mimi 1995 nilikuwa kwenye kundi lililosukuma gari la marehemu Mrema, mgombea urais wa upinzani. Injini nzima, mafuta yamo, sisi tunasukuma kwa mapenzi tu. Viatu vilikatika siku hiyo. Nikalala nikijua nchi imechukuliwa. Matokeo yakaja, Mkapa karibu asilimia 62, wetu karibu 28.

Nimekuja kuelewa baadaye. Tuliosukuma gari tulikuwa wale wale kila siku. Hakuna aliyetumwa kwa jirani aliyekuwa anatuchungulia dirishani. Yule alikuwa na hofu, maana miaka minne tu kabla ya hapo Tume ya Nyalali ilipopita kuuliza, watu wengi, kama 80 kati ya 100, walisema wabaki na chama kimoja. Hofu ile haiondolewi kwa vumbi na kelele. Tulipaswa kwenda kwake jioni, tukiwa tumeoga.

Pangu Pakavu
Mzee unatusumbua na historia. Watu wanataka hela. Mpe mtu elfu kumi, habari imeisha.

Katibu Kata Mstaafu
Na akupeleke mahakamani nani? Takrima, ile ruhusa ya mgombea kukirimu wapiga kura, ilifutwa na Mahakama Kuu 2006.

Pangu Pakavu
Ilifutwa kwenye karatasi. Wewe mstaafu hukula?

Katibu Kata Mstaafu
Nilikula na ndiyo maana nasema. Mwaka mmoja tuligawa pesa kijiji kizima usiku, tukarudi tunaimba. Chama kingine kilipita saa kumi alfajiri. Kituoni tukapata kura pungufu kuliko bahasha! Yaani hata wajumbe wetu wenyewe waligeuka. Mtu asiyekuamini ukimpa pesa umemthibitishia alichokuwa anakiwaza, kwamba unazo na hukuzileta mapema.

Sina Kadi
Kula kwao, kura kwangu.

Dereva wa Zamani
Nimekuwa msomaji tu humu, leo acha niandike.

2010 nilikuwa naendesha gari la matangazo la mgombea ubunge, kusini huko, njia za mchanga. Hilux, nyuma jenereta na maspika manne. Siku hiyo tumefika kijiji cha mwisho, mgombea ameshuka anakula kwa mwenyekiti, DJ ameshuka naye. Mkutano saa kumi, kijiji kingine. Akatokea kijana anakimbia hana shati. Mke wake uchungu tangu usiku, mkunga wa jadi ameshindwa, kituo cha afya kilomita kama 30, pikipiki ya kijiji imekufa tairi.

Nikaenda kumwambia mgombea. Akaangalia saa. "Mwambie awahi kutafuta usafiri." Nitakufa nayo hiyo sentensi. Nikatoka, nikawasha gari. Wakampandisha mgonjwa kwenye godoro, katikati ya maspika, mkunga na mama mkwe wakashikilia bodi.

Sasa balaa. Muziki unapiga. Mitambo iko kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, ufunguo anao DJ. Kwa hiyo tunakwenda na wimbo wa kampeni kwa sauti yote, na kila tukifika nyumba mbili tatu watu wanatoka kushangilia, watoto wanakimbia nyuma, mama wa watu analia na hakuna anayemsikia. Mkunga anapunga mkono wapishe njia, wao wanampungia.

Kilomita kama tano kabla ya kufika, gari likazama mchangani. Mbele yangu kijiwe cha vijana wa upande wa pili, wamevaa fulana zao, na wiki iliyopita tulirushiana mawe nao. Wakasimama, wanajua tumeingia kwao kwa shari. Nikashuka mikono juu. Mmoja akachungulia nyuma, akapiga kelele, "Jamani, mzazi!" Wale vijana walilisukuma lile gari, mabega kwenye picha ya mgombea wetu, na wimbo wetu unawapigia masikioni. Wawili wakapanda wakawashika akina mama wasianguke.

Alijifungua tukiwa getini. Wa kike. Mzima, na mama mzima.

Mgombea alifika mkutanoni saa moja usiku kwa pikipiki, watu wameshatawanyika. Akanifukuza kazi kwa simu hata sijanywa maji.

Nilidhani walau kura za kijiji kile tumezipata. Tulipata 11. Nilirudi baadaye, walinialika, wakanichinjia kuku. Nikamwuliza mzee wa pale, mzee wangu, mbona hivi? Akasema, "Sisi tulishakata shauri kumpa. Tena tulisema gari lake limetuokolea mtoto. Halafu tukasikia aliyelileta amefukuzwa."

Kiti cha Mbele
Karanga zimenikwama.

Pangu Pakavu
Hii chai. Tena ina tangawizi. Si ungechomoa waya wa jenereta?

Dereva wa Zamani
Mkuu, mwanamke anapiga ukunga nyuma yako, wewe utakumbuka waya? Nilikumbuka wiki iliyofuata, nimelala.

Binti Igunga
Nimelia kazini. Mtoto anaitwa nani?

Mama Vikoba
Kweli, mtoto anaitwa nani? Sasa hivi ni binti mkubwa.

Katibu Kata Mstaafu
Tusitoke kwenye mada. Mimi nina jambo la maana. Kuna aina ya mpiga kura anayekwambia, "Hata nikipiga zinaibiwa." Huyu usibishane naye, huna ushahidi wa kumtosha. Mfanye wakala! Nilikuwa na fundi baiskeli, kila kijiwe anasema kura zinapikwa. Nikapeleka jina lake, akala kiapo, akakaa kituoni tangu asubuhi mpaka usiku, taa ya chemli, kura moja moja inainuliwa anaiona, fomu ya matokeo ikabandikwa ukutani. Tulishindwa kituo kile kwa kura 4. Kesho yake ananisimulia yeye, kwa hasira, jinsi wajomba zake wawili walivyokosa kuja. Uchaguzi uliofuata aliwafuata wajomba kwa baiskeli.

Sina Kadi
Na vituo ambavyo mawakala wanatolewa nje je? Fundi wako angesema nini?

Katibu Kata Mstaafu
Hapo sina jibu, ndugu yangu.

Kahawa Temeke
Nauza kahawa, kadi sina. Septemba 2007 nilikuwepo Mwembeyanga Dk. Slaa wa Chadema anasoma majina ya aliowatuhumu ufisadi, na niliuza birika mbili. Mwaka uliofuata marehemu Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura. Julai 2015 huyo huyo akahamia Chadema, akawa mgombea urais, Slaa akajiweka kando. Vijana wakaja kijiweni kuomba kura. Mzee mmoja mteja wangu akawaambia, "Sina neno na Lowassa. Nina neno na nyie. Mlininyima usingizi miaka minane, leo mnaniambia nilale?"

Lakini tuseme ukweli wote. Alipata karibu asilimia 40, kura zaidi ya milioni 6. Wengi waliokuwa hawajawahi kuinuka kwenye mkeka waliinuka mwaka ule, kwa sababu kwa mara ya kwanza waliona anayeweza kushinda. Kwa hiyo mnaosema watu wanataka msimamo tu, mimi nimeuza kahawa pande zote mbili, sikubali.

Mzee wa 95
Waliinuka, na wengine wakalala moja kwa moja. Mwanangu ni mmojawapo.

Mwana wa Mvita
Majirani, salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu 2022 ilani hakuna aliyesoma, lakini wilbaro, alama ya chama cha Ruto, kila mtu alikuwa aijua. Muuza maji mtaani kwangu hakuwa na haja ya kuelezwa, aliona kazi yake imechorwa kwenye karatasi ya kura. Ndivyo walivyoshika watu. Shida ni baadaye: Juni 2024 vijana walikuwa barabarani kuukataa Mswada wa Fedha, na wilbaro ikawa ndiyo matusi yenyewe. Ukimwambia mtu "mimi ni wewe", jua atakushika shati.

Mama Vikoba
Mimi nimekuwa mwekahazina miaka mingi, wanasiasa wote wanapita kwetu. Anaingia, anatupigia magoti, anachangia mfuko wa jamii, anaondoka. Mmoja tu ndiye tulimpa kura bila kuombwa. Alikuwa diwani, akaja Jumamosi miaka miwili kabla ya uchaguzi kutuambia mradi wa maji tuliokuwa tunausubiri umekwama, na sababu yake, na kwamba yeye alikosea kutuahidi. Tulimsema mpaka akatokwa jasho. Akakaa mpaka mwisho wa kikao, akaweka hisa zake, akaenda.

Pangu Pakavu
Kumbe kuomba radhi ni bei rahisi kuliko kanga. Naandika kitabu.

Binti Igunga
Dereva, hujajibu. Mtoto anaitwa nani?

Dereva wa Zamani
Anaitwa jina la bibi yake mzaa baba. Mlitaka wamwite Jenereta?

Mpwa wa Ikungi
Nimesoma yote. Mama watoto naye amesoma. Anauliza kama kuna mwenye kanga ya 2015, hii ameifua leo imechuja.