Miyajima kwa muda mfupi: lango la baharini nilipigeje?

Kibatari
Wakuu, naombeni msaada. Aprili nitakuwa Hiroshima, Japani, kikazi, na nina nafasi kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumapili asubuhi. Nataka kwenda kisiwa cha Miyajima kupiga picha hekalu la Itsukushima, lile lenye lango jekundu baharini. Picha za mtandaoni zinanichanganya: nyingine lango limezungukwa na maji, nyingine watu wanatembea mpaka kwenye nguzo zake. Kamera yangu ya zamani, nina lenzi ya milimita 18-55, ya milimita 50 yenye f/1.8, na tripodi nyepesi. Niende saa ngapi? Tripodi niibebe? Nikipata picha moja ya kutundika ukutani nimeridhika.

Mvuvi wa Mwanga
Kibatari, kabla ya kuuliza uende saa ngapi, uliza maji yanajaa saa ngapi. Hizo picha zinazokuchanganya ni za mahali pale pale, zimepishana saa sita tu. Bahari ile ya ndani ina kupwa na kujaa kwa nguvu. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti hufika mita tatu na zaidi. Tafuta jedwali la maji la Hiroshima la tarehe yako. Yakishuka chini ya sentimita 100 unatembea hadi langoni. Yakipita 250 lango linaelea kweli. Ukiangukia siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, huenda usipate hata kimoja kikamilifu, utapata katikati tu. Kama unaweza kuchagua wikendi, chagua iliyo karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo.

Pili, usimame wapi. Watu wengi hukimbilia ndani ya hekalu, kwenye ile ncha ya jukwaa inayotazamana na lango, wakapanga foleni kila mtu apigwe picha yake. Jioni mimi siingii foleni hiyo. Ukishuka kwenye feri, fuata njia ya ufukweni yenye taa za mawe. Ukikaribia hekalu, upande huo lango linakuwa kati yako na machweo. Pale lenzi ya 50 inatosha.

Tatu, ile rangi. Rangi ile kali ya chungwa huungua haraka sana kwenye picha, skrini inakuonyesha picha safi kumbe wekundu umeshafutika na mbao zimekuwa bapa kama karatasi. Punguza mwangaza kidogo kuliko kamera inavyotaka, piga faili ghafi (RAW), na utazame grafu (histogramu) ya rangi nyekundu peke yake.

Bi Pazia
Mimi nitampinga Mvuvi kidogo. Kila mtu anataka lango linaloelea, na ndiyo maana picha zote zinafanana. Nenda maji yakiwa yamekupwa, uisogelee nguzo kubwa. Ni shina la mti wa mkafuri ambalo halikunyooshwa; lina mabonde na vinundu vyake vya asili, na chini, pale maji yanapofika, rangi inaishia na magamba ya bahari yanaanza. Lango la sasa ni la mwaka 1875, urefu wake zaidi ya mita 16, na nguzo hazikuchimbiwa ardhini. Linasimama kwa uzito wake, tena juu kwenye boriti kumejazwa mawe ya kuliongezea uzito. Ukisimama chini yake na lenzi ya 18 unauona huo uzito, kitu ambacho ukiwa mbali hukipati kamwe.

Viatu viwe vya kushika, mwani unateleza. Na usichomeke sarafu kwenye nyufa za nguzo hata ukiona wengine wanafanya, zinaharibu mbao. (Ukikutana na picha zenye majukwaa ya mafundi, ni za ukarabati wa 2019 hadi 2022. Ulishakwisha.)

Salum wa Reli
Mambo ya safari tu, picha nawaachia wenyewe. Treni ya JR (kampuni ya reli ya Japani) toka stesheni ya Hiroshima hadi Miyajimaguchi ni kama nusu saa, kisha feri dakika 10. Kuna kampuni mbili za feri. Mchana feri ya JR hupinda karibu na lango, kaa upande wa kulia wakati wa kwenda. Andaa pia yeni 100 za kodi ya wageni, ilianza Oktoba 2023. Hekalu linafunguliwa saa 12 na nusu asubuhi, kiingilio yeni 300. Kulungu wa pale wamezoea watu, watakula ramani yako na kamba ya kamera wakiipata. Usiwalishe.

Kibatari
Asanteni sana. Nimeangalia jedwali, nimepata wikendi ya bamvua: Jumamosi maji yanakupwa saa 10:20 jioni, yanajaa saa 4:30 usiku. Sasa nimfuate nani, Mvuvi au Bi Pazia?

Mvuvi wa Mwanga
Wewe una bahati, unatufuata wote wawili. Vuka saa 8 mchana, ingia hekaluni kwanza kabla umati haujahamia ufukweni. Humo ndani usifungue tripodi, korido ni za kupita watu na za ibada. Angalia chini: mbao za sakafu zimeachiwa nafasi kati yake ili maji yakipanda yapenye badala ya kuinua sakafu. Saa 10 uko langoni na Bi Pazia wako. Toka kule mapema, maji yakianza kurudi hayakusubiri. Jua la Aprili huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1. Wakati huo uwe njia ya taa za mawe, tripodi imesimama pembeni isizuie wapita njia. Maji yatakuwa yanazipanda nguzo.

Usiondoke jua likizama, hapo ndipo wengi hukosea. Lango huwashiwa taa hadi saa 5 usiku, na dakika ishirini na kitu baada ya machweo mbingu bado ina bluu inayolingana na mwanga wa taa. Weka kamera ISO 100, f/8, na uiache ipokee mwanga sekunde kadhaa. Kwa maji yako, kuelea kamili ni kuanzia kama saa 2 na robo usiku. Ukiweza kulala kisiwani lala, maana wageni wa mchana wanakuwa wameshaondoka.

Salum wa Reli
Asipolala, aangalie feri ya mwisho kabla hajafungua tripodi. Na kitambaa cha kufutia chumvi kwenye lenzi, wazee hamjamwambia.