Grupu la msiba unatupia tangazo la chai ya kitambi? Wauzaji wa mtandaoni mnatuchosha!

Wakuu, naandika nikiwa nimechafukwa, mtanisamehe. Mods msiuunganishe huu uzi.

Wiki iliyopita tumefiwa na jirani. Kama kawaida likafunguliwa grupu la WhatsApp, mhazini akaweka orodha ya michango, kila anayetoa anainakili na kuongeza jina lake. Tumefika namba 37, elfu ishirini ya mama mmoja wa mtaani, chini yake anaibuka jamaa na bango la rangi ya dhahabu: chai ya kupunguza kitambi, bei njoo inboksi, mikoani tunatuma. Marehemu bado yuko mochwari! Mwenyekiti akamwambia, "Ndugu, hapa ni msibani." Akajibu, "Samahani wapendwa, riziki popote," kisha akabandika na picha ya tumbo kabla na baada.

Kesho yake naamka nimeingizwa kwenye grupu jipya la "fursa", watu zaidi ya mia mbili, nusu ni waombolezaji wenzangu. Mjane mwenyewe yumo! Kachota namba zetu zote msibani. Nikatoka, akanirudisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, lakini mtu kama huyu utamwambia nini? Nikaingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, nikaweka kwamba asiye kwenye orodha yangu ya namba asiniingize popote bila kuniomba.

Na asije mtu kuniambia sijui biashara. Nina karakana ya sofa Keko, wateja wengi nawapata kwenye simu hii hii. Nilipoanza na mimi nilikuwa msumbufu. Kila Jumatatu narusha picha za sofa kwa watu 256 kwa mkupuo, kwa "broadcast" ya WhatsApp, kumbe ujumbe wa namna ile unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Yaani nilikuwa nawapigia kelele mashemeji na wateja ambao walishanunua!

Mteja wangu wa kwanza wa maana nilimpata kwa kujibu swali. Dada mmoja kwenye grupu la wapangaji aliuliza kwa nini sofa lake limebonyea katikati, halina hata miezi minne. Nikamwambia alipindue, afumue kidogo kitambaa cha chini, anitumie picha. Mikanda inayobeba sponji imelegea, halafu fundi kaipachika kwa kuachana sana kama kamba za kuanikia nguo. Nikamwambia sponji bado nzima, asikubali kuuziwa nyingine, fundi yeyote wa hapo kwake akaze mikanda tu. Karakana yangu sikuitaja. Mwezi uliofuata akanitafuta mwenyewe, mdogo wake anaolewa, wanataka seti nzima. Mpaka leo kaniletea wateja wanne, mmoja ana nyumba ya wageni Bagamoyo, vyumba kumi na moja.

Kuna mwingine muuza mazulia, kila nikiweka picha Instagram yeye wa kwanza: "Mazulia mazuri yapo kwetu, piga namba hii." Hata "kazi nzuri fundi" hajawahi kuandika. Wateja wangu wanaulizia mazulia karibu kila wiki, na wote nawapeleka kwa mama mmoja Kariakoo ambaye hajawahi kunitumia tangazo. Aliniomba tu kipande cha kitambaa cha sofa, akampelekea mteja zulia linaloendana nacho. Basi.

Na hiyo "bei njoo inboksi" ni ugonjwa gani? Andika bei, anayeiweza ataiweza.

Turudi kwa mwenye chai. Leo asubuhi kanitumia ujumbe, safari hii hauzi kitu: "Fundi, sofa la kona kwako bei gani?" Nimeuangalia tu. Orodha ya mchango imefika namba 64, jina lake silioni.