Geant4, FLUKA au MCNP kwa kigunduzi cha leza inayopiga harakaharaka?

Kipimo_Mdogo: Wakuu habari za muda huu. Nipo masta, nimepewa kazi ya kusimuleti kigunduzi cha eksrei kali zinazotoka leza ikipiga bamba la chuma, leza yenyewe ni ya aina ya L3-HAPLS ya ELI Beamlines kule Cheki, iliyoundwa ipige mara 10 kwa sekunde. Kigunduzi ni vipande vya skintileta (kitu kinachotoa mwanga kikipigwa na mionzi) vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, kamera inapiga picha mwanga wake. Nichukue programu gani kati ya hizo tatu za kusimuleti mionzi ikipita kwenye vitu? C++ yangu ya kuungaunga.

babu_fotoni: Geant4, usihangaike. Ni ya bure na inafuatilia mpaka mwanga wa skintileta unavyofika kwenye kamera. Ila hupewi programu iliyokamilika, unapewa vifaa ujijengee mwenyewe, hapo C++ lazima ikutoe jasho.

Mzee wa Nyutroni: Mi natofautiana kidogo. FLUKA ukiwa na Flair, programu yake ya vitufe na madirisha, jiometri unaichora kwa kubofya, na kama unataka tu nishati iliyobaki kwenye kila kipande inakutosha kabisa. MCNP ya Los Alamos ni moto kwenye nyutroni lakini kibali unaomba Marekani na wanakuchunguza kwanza, sasa kwa eksrei ya nini yote hayo.

shemeji_BGO: Mnabishania programu wakati kazi iko kwingine jamani. Pigo ni la femtosekunde, yaani muda mfupi mno, fotoni (chembe za eksrei) zote zinaingia kwa mpigo, kuhesabu mojamoja sahau, unachopata ni jumla ya nishati kwa kila kipande halafu spektra, yaani fotoni ngapi zina nishati gani, unaitafuta kwa hesabu. Na mapigo 10 kwa sekunde kwa saa moja ni 36,000, utasimuleti yote hayo? Endesha fotoni za nishati moja, kisha nyingine, kisha nyingine, jaza matriksi ya mwitikio (jedwali la kila kipande kinabaki na nishati kiasi gani kwa kila nishati ya fotoni) mara moja tu, siku ya jaribio unageuza matriksi au unatumia mtandao wa nyuroni uliokwisha kuufundisha, jibu linatoka kabla pigo lingine halijafika.

babu_fotoni: Hapo umenena. Na dogo usifuatilie mwanga kila mara, skintileta ya BGO inatoa fotoni za mwanga kama 8,000 kwa kila MeV (kipimo cha nishati) inayoingia, ya LYSO kama 30,000, kompyuta italia. Rekodi nishati, mwanga ufanyie hesabu yake pembeni.

Kipimo_Mdogo: Shukrani wakuu. Kuna mtu maabara anasema imeji pleti, yale mabamba yanayohifadhi picha ya mionzi mpaka yasomwe kwenye skana, ni bora zaidi?

shemeji_BGO: Kwa mapigo 10 kwa sekunde? Nani atakuwa anaichomoa kila pigo kuipeleka kwenye skana 😂 hizo ni za leza zinazopiga mara chache kwa siku. BGO mwanga wake unafifia kwa nanosekunde kama 300 na wewe kati ya pigo na pigo una milisekunde 100, nafasi kibao. Ila kwenye jiometri weka na kuta za chemba, eksrei zinazodunda ukutani zinaingia kwa ubavuni mpaka vipande vya nyuma, unashangilia umepata fotoni za MeV nyingi zilizopenya mpaka nyuma kumbe ni ukuta.