Kimya cha wajaribuji kihesabiwe kuwa kibali?

Wakuu, hili naomba tulijadili, hasa nyie mnaojitolea kwenye miradi ya programu huria. Sasisho la programu likikaa kwenye majaribio siku zilizopangwa na hakuna aliyelalamika, je, lipite kwenda kwa watumiaji wote?

Debian, mfumo huria wa kompyuta wa familia ya Linux, hufanya hivyo kila siku. Kifurushi kipya cha programu huingia Sid, tawi la kwanza lisilotulia, kisha huhamia tawi la majaribio baada ya siku 2, 5 au 10 kulingana na uharaka wake, ilimradi hakuna hitilafu kubwa mpya iliyoripotiwa. Kwa Fedora, mfumo mwingine wa Linux, wajaribuji hupiga kura, lakini hata kura zisipotimia, siku 7 kwa kawaida zinatosha.

Mimi napinga, na nianze na langu. Niliwahi kujaribu masasisho ya mradi mmoja wa mfumo huria. Ikaja kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa vya mashine. Kwenye laptop yangu ya mtumba, ukifunika na kufunua, Wi-Fi imepotea na taa yake haiwaki mpaka uzime mashine uwashe upya. Niliiona siku ya tatu, nikasema jioni nitaandika ripoti. Umeme ukakatika, kesho yake kazi zikanibana. Siku zikaisha, sasisho likapita bila maoni hata moja. Kimya changu kilihesabiwa kuwa nimeridhika, na watu wenye laptop kama yangu wakaletewa ubovu ambao tayari nilikuwa naujua. Linaniuma mpaka leo.

Sasa tazameni xz, programu ya kubana mafaili, ya mwaka 2024. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalifichwa njia ya kuingilia kompyuta za watu kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kazi ya aliyejiita Jia Tan, ambaye alijenga imani kwenye mradi ule kwa zaidi ya miaka 2. Yalifika hadi tawi la majaribio la Debian, siku zikahesabiwa, kimya. Aliyegundua ni Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa programu ya hifadhidata PostgreSQL, aliyeona kuingia kwa SSH kumechelewa kama nusu sekunde akaamua kuchimba. Hakuna aliyempangia zamu hiyo.

Najua mtaniambia kusubiri ndiko kulikoiokoa Debian thabiti, tawi wanalotumia watu wengi, haikuguswa. Kweli kabisa, na siku za kusubiri sitaki zifutwe. Mtasema pia vifurushi ni makumi ya maelfu, watu wachache, na viraka vya usalama haviwezi kukaa foleni vikisubiri watu wavitilie sahihi. Hilo nalo nakubali, mchezo wa kompyuta na upite kwa siku tu.

Lakini kerneli, SSH, na chochote kinachoshika nywila au kuwasha mashine, visipite kwa kimya. Watu wawili waandike wamejaribu nini na kwa mashine gani. Asipopatikana hata mmoja, sasisho lisubiri, na mradi utangaze wazi kwamba halijajaribiwa na mtu. Kiraka cha dharura kipite, ila kibandikwe tangazo hilohilo.

Nyie mnaojaribu, mara ya mwisho mliponyamaza, mlikuwa mmeridhika au hamkulifungua kabisa?