Salim na bahasha ya kadi

*Kikundi cha familia: Ukoo wa Tanga*

Salim (Columbus): Asalaam alaykum jamani. Shikamooni wakubwa. Da Zuhura, uko macho? Nimeikuta bahasha hii kwenye sanduku la barua. Wanasema nimeshakubaliwa kadi ya mkopo, kadi inaleta pointi kila ukinunua nayo, pointi zinakata tiketi. Nataka nije nyumbani Desemba. Nijaze?

Salim (Columbus): [picha]

Mama Salim: Waalaykum salaam mwanangu. Tiketi ya bure? Nani huyo anayegawa tiketi bure?

Zuhura (Minneapolis): Shikamoo mama mdogo. Salim, usijaze kitu usiku huu. Geuza hiyo karatasi, kuna jedwali ndani ya fremu, sheria ya Marekani inawalazimisha waliweke. Nisomee mstari wa kwanza.

Salim (Columbus): "Riba ya mwaka kwa manunuzi, asilimia 29.49."

Mjomba Hamisi: Riba! Mjomba, weka chini hiyo karatasi.

Zuhura (Minneapolis): Shikamoo mjomba. Ngoja nieleze inavyokwenda. Mwezi ukifungwa wanatuma stetimenti, yaani hesabu ya deni lako, na kuanzia hapo sheria inakupa siku zisizopungua 21 za kulipa. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe, na kila mwezi ukafanya hivyo, hakuna riba hata senti kwa ulivyonunua. Ukibakisha, mlango wa riba unafunguka. Ndiyo maana mimi humwambia mtu: kama huna uwezo wa kulipa yote kila mwezi, mambo ya pointi yaache kabisa, hayakuhusu.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Lakini mkataba wenyewe amekubali kwamba akichelewa atatoa riba. Kuna masheikh hawaukubali hata kama hajachelewa.

Zuhura (Minneapolis): Kweli mjomba, wapo wanaokataza na wapo wanaoruhusu kwa mwenye hakika ya kulipa. Mimi sina elimu hiyo. Salim amuulize imamu wake huko kabla ya kutia saini.

Mjomba Hamisi: Hapo sawa. Na mimi Ijumaa nitauliza hapa.

Salim (Columbus): Nitamuuliza, mjomba. Lakini Da Zuhura, ule ukurasa una kitu kinaitwa kiasi cha chini, dola 35 tu kwa mwezi. Si nafuu?

Zuhura (Minneapolis): Mdogo wangu, hapo ndipo nilipoumia. Mwaka niliokuja kwenye msiba wa baba nilikata tiketi kwa kadi, dola 2,100. Sikuwa na kitu. Riba ilikuwa asilimia 24. Nikawa nalipa dola 65 kila mwezi, na mwezi wa kwanza 42 kati ya hizo zilikwenda kwenye riba tupu. Baada ya miezi 10 ya kulipa bila kukosa, bado nilidaiwa kama dola 1,850. Na pointi nilizopata kwa tiketi ile? 2,100, ambazo ukizigeuza pesa ni dola 21. Riba ya mwezi mmoja ni mara mbili yake.

Mama Salim: Tiketi ile ya msiba wa marehemu? Zuhura, hukutuambia.

Zuhura (Minneapolis): Ulikuwa msiba mama mdogo. Nilitaka niwahi tu.

Mama Salim: Allah amrehemu. Na wewe akulipe.

Bakari (Maryland): Amin. Nimeamka na simu inalia. Salim, una muda gani hapa Marekani, na una kadi gani sasa hivi?

Salim (Columbus): Miezi 14. Nina ile ya kuweka amana, niliacha dola 300 benki wakanipa kadi ya dola 300.

Bakari (Maryland): Na huwa unaitumia yote?

Salim (Columbus): Karibu yote. Petroli na chakula.

Bakari (Maryland): Basi anza hapo. Alama zako za mkopo, ile namba benki zinayotazama kabla ya kukukopesha, asilimia 35 ni kulipa kwa wakati, 30 ni kiasi unachodaiwa ukilinganisha na kikomo cha kadi. Stetimenti ikitoka ina dola 290 juu ya 300, unaonekana mtu aliyebanwa hata kama unalipa yote. Lipa kabla stetimenti haijatoka, iachie dola 20 au 30. Miezi miwili mitatu utaona alama zinapanda.

Zuhura (Minneapolis): Sawasawa. Na usiombe kadi tatu kwa pamoja. Benki ya Chase, kwa mfano, kwa kawaida wanakukatalia ukiwa umefungua kadi 5 au zaidi za benki yoyote ndani ya miezi 24. Kwa hiyo watu huanza na wao.

Salim (Columbus): Ile kadi ya Chase, Sapphire Preferred, ndiyo wote wanaisema kazini. Pointi 60,000 na zaidi.

Zuhura (Minneapolis): Ni kadi nzuri, ninayo. Ada yake dola 95 kwa mwaka. Lakini hizo pointi za kujiunga wanakupa ukishatumia kama dola 5,000 ndani ya miezi 3. Wewe kwa mwezi unatumia ngapi, ukitoa kodi ya nyumba?

Salim (Columbus): Kama 900. Na bima ya gari nalipa 1,100 kwa miezi sita.

Zuhura (Minneapolis): 2,700 na 1,100 ni 3,800. Haifiki. Na ukianza kununua televisheni ili ufikishe, umeshaliwa. Anza na Freedom Unlimited, nayo ya Chase, haina ada ya mwaka, na bonasi yake mara nyingi ni dola 200 ukitumia 500. Hizo 200 huwa wanaziandika kama pointi 20,000. Ukiwa na Freedom peke yake pointi hizo ni pesa tu. Siku ukija kuwa na Sapphire, unaziunganisha na unaweza kuzihamishia shirika la ndege. Watu wengi hawalijui hilo, wanazitoa mapema kununulia vocha.

Mama Salim: Na zile pesa anazonitumia kila mwezi, nazo zinaleta pointi?

Zuhura (Minneapolis): Hapana mama mdogo, na Salim asijaribu. Kutuma pesa nyumbani kwa kadi ya mkopo, benki nyingi zinahesabu kama umetoa fedha taslimu: kuna ada, pointi hakuna, na riba inaanza siku ileile. Zile siku 21 hazipo. Atume kutoka akaunti yake ya kawaida kama anavyofanya.

Salim (Columbus): Hili sikulijua kabisa. Nilikuwa nimeshapanga.

Bakari (Maryland): Na jingine. Usihamishe pointi kwenda shirika la ndege kabla hujakiona kiti kwa macho yako. Ukishahamisha hazirudi. Mimi mwaka jana nilihamishia pointi zangu Aeroplan, mpango wa pointi wa Air Canada, kwa sababu zinakata tiketi za Ethiopian, wote wako Star Alliance, umoja wa mashirika ya ndege. Dulles, uwanja wa Washington, kisha Addis, Dar. Nimekaa kutafuta, Desemba yote viti vya pointi vimekwisha. Mpaka leo ziko pale, na zisipoguswa miezi 18 zinafutwa.

Salim (Columbus): Kwa hiyo Desemba hii mimi pointi hazinisaidii.

Zuhura (Minneapolis): Zako hapana. Nakwambia ukweli. Kwa Desemba weka akiba, kata tiketi mapema kwa pesa yako. Pointi ni za safari inayofuata.

Mama Salim: Kwa hiyo haji?

Bakari (Maryland): Ngoja mama mdogo, nimewaza kitu. Salim, hizi zangu ninaweza kumkatia mtu yeyote, si lazima nisafiri mimi. Kwenda ukate kwa pesa, kurudi nikutafutie. Januari watu wengi wameshapita, viti vinaonekana. Utalipa kodi za uwanja tu.

Salim (Columbus): Kaka, kweli?

Bakari (Maryland): Zitafutwa bure. Nipe tarehe.

Salim (Columbus): Kazini lazima nirudi tarehe 15.

Bakari (Maryland): [picha] Tarehe 12, Dar, Addis, Dulles. Viti viwili vimebaki. Nitumie jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Zuhura (Minneapolis): Na Dulles hadi Columbus utafute mwenyewe, acha saa za kutosha katikati, kuna foleni ya uhamiaji na mizigo.

Salim (Columbus): Nimetuma. Bakari, Mungu akuzidishie. Ile bahasha nimeichana.

Mama Salim: Alhamdulillah. Anashukia Dar au Kilimanjaro?

Salim (Columbus): Dar, mama.

Mama Salim: Basi baba yako mdogo atakupokea, ulale kwake, asubuhi mpande basi. Usije ukasafiri usiku.